Maneno Mafupi Mdomoni mwa Duara

Kabla sijayaona machimbo, niliyasikia. Gari lililonichukua Ringwani lilikuwa limepanda kilima hadi likachemka, dereva akalisimamisha lipoe, na injini ilipozimika sauti ikatufikia kutoka ng'ambo ya kilima. Vilikuwa vyuma vikigonga mawe, vingi visivyohesabika, kila kimoja kwa mwendo wake, kama mvua inayoanza kudondoka juu ya mabati na bado haijaamua kama inyeshe au iache. Niliuliza kama kuna kanisa linajengwa. Dereva alinitazama kwa huruma.

"Dada," alisema, "hapo hakuna kinachojengwa. Hapo watu wanatwanga mlima."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, masikio yakitangulia. Nawaandikia ninyi wakalimani vijana mnaobaki, kwa sababu mmekuwa mkiniuliza siku hizo zilikuwaje, nami nimekuwa nikiwajibu kwa haraka kati ya kikao na kikao. Sitasema lolote juu ya vyeo. Nilianza nikiwa mkalimani na nimestaafu nikiwa mkalimani, kwa hiyo sura hiyo imekwisha.

Kiingereza changu nilikitoa ng'ambo ya mpaka. Shangazi yangu aliolewa upande wa Kenya, akafungua duka la vitambaa, na baba alinipeleka kwake nisome huko. Nyumbani Ringwani tulisema Kingoreme; Kikurya nilikipata kwa majirani, Kijaluo sokoni, Kiswahili shuleni. Mradi mmoja wa kufundisha usalama kwa wachimbaji wadogo ulipotafuta mtu wa kusimama kati ya wataalamu wa kigeni na wachimbaji wa Tarime, mchungaji wetu alitaja jina langu. Nilidhani nimeitwa kwa sababu ya wingi wa lugha. Baadaye nilijua kwamba wanaume wawili waliotangulia walikimbilia kuchimba.

Ulikuwa wakati ambao dhahabu ilikuwa imewaita watu wa kila upande. Palikuwa na Wakurya wa pale pale, Wajaluo wa kando ya ziwa, Wasukuma waliofika na majembe yao, na vijana wa Mbeya na Kigoma waliosikia habari barabarani. Walilala kwenye vibanda vya maturubai na kuamka na koleo. Katikati yao wote kulikuwa na maduara. Duara, kwa asiyejua, ni shimo la kuingilia chini ya ardhi, jembamba kama kisima, lenye winchi ya mbao juu yake ya kuteremsha watu na kupandisha mawe.

Siku ya kwanza nilipokewa na Nyamhanga, mkuu wa duara kubwa kuliko yote upande ule. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana na adabu za mtu aliyelelewa na bibi. Aliniuliza habari za safari, za Ringwani, za mvua. Kisha akanionyesha kamba ya katani iliyozungushiwa vigingi kulizunguka duara, akaniambia kwamba mwanamke haivuki. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha mbwa alipo. Mwanamke akisogea mdomoni mwa duara, dhahabu huhama. Wote waliamini hivyo, Mkurya na Msukuma, aliyebatizwa na asiyebatizwa. Wanawake walitwanga mawe, waliyaosha, waliuza uji na samaki wa kukaanga, lakini yote hayo nyuma ya kamba.

Sikubishana. Nilikuja kufanya kazi ya maneno, na maneno, nilidhani, yanajua kuruka kamba.

Aliyenitoa katika dhana hiyo ni Mwalimu Ochieng', mkalimani mkuu wa mradi. Alikuwa Mjaluo mrefu aliyekonda, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwa miaka mingi alikuwa amewafasiria wahubiri wa kigeni kwenye mikutano ya injili. Alisema wahubiri ni kazi rahisi: wakisema neno refu hakuna anayeumia, na Mungu mwenyewe anajua walichokusudia. Somo lake la kwanza alinipa tukiwa tumeketi juu ya madebe, tukinywa chai ya tangawizi ambayo aliiita dawa ya koo la mkalimani.

"Robi, usiyaogope maneno marefu ya Kiingereza," alisema. "Refu lina mlango mmoja, ukiupata umeingia. Ogopa mafupi. Fupi ni nyumba ya milango kumi, na nyuma ya kila mlango kuna mtu mwingine."

Kisha akachukua kijiti na kuanza kuchora chini. Alichora mto, akasema huo unaweza "run". Akachora mashine, nayo ni "run". Akachora pua yenye mafua, duka lenye mwenyewe, kitambaa kinachochuja rangi, mtu anayekimbia. Vyote vilikuwa neno lile lile. Akaja kwenye "set". Jua linazama, zege linaganda, mtego unategwa, meza inaandaliwa, vikombe vinauzwa kwa pamoja, na Mwingereza haoni tabu kutumia neno moja kwa yote. "Charge" ilikuwa bei, ilikuwa mashtaka, ilikuwa nyati anayekujia, ilikuwa umeme wa betri, ilikuwa baruti ndani ya tundu la mwamba. "Face" ilikuwa uso wa mtu, na huku kwetu machimboni ilikuwa ukuta ule wa mwisho chini kabisa, pale nyundo inapokutana na jiwe. Alipofika kwenye "get" alitupa kijiti. Alisema hilo angenifundisha nikishazaa.

Nilikariri. Nilikuwa kijana na nilipenda kukariri. Nilipanga maana za kila neno kichwani kama vyombo kwenye kabati, nikajiona nimekamilika. Mwalimu Ochieng' alinisikiliza nikizimwaga zote, akatikisa kichwa. Alisema kujua milango yote si kazi. Kazi ni kujua mgeni ameingilia upi leo, na hilo halimo ndani ya neno. Limo mkononi mwake, machoni mwake, limo katika kitu anachokitazama wakati anasema. Kwa hiyo mkalimani husimama pale anapouona mkono. Asipouona mkono, afadhali anyamaze.

Sheria yake ya pili aliiita kurudisha. Kwetu Mara, mkubwa au mgeni akikueleza jambo, ukimwambia hukuelewa umemwaibisha. Kwa hiyo watu husema ndiyo. Husema ndiyo kwa sauti nzuri, wakitikisa vichwa, na hakuna hata mmoja aliyeelewa. Wataalamu wengi waliondoka Tarime wakiamini wamefundisha. Mwalimu Ochieng' hakuwahi kumuuliza mchimbaji kama ameelewa. Alimwambia, "Mweleze mgeni utakavyofanya, asije akadhani tumempuuza." Mchimbaji alieleza kwa lugha yake, sisi tukayarudisha maelezo yake kwa Kiingereza, na mgeni akasema hivyo ndivyo au sivyo. Hapo tu ndipo mtu alipoinua mkono kufanya kazi. Ile ile adabu iliyotufunga midomo, yeye aliitumia kuifungua.

Ilikuwa njia ya polepole, na wataalamu waliichukia. Nakumbuka mmoja, mwenye haraka kama ya mtu aliyeacha maziwa jikoni, aliyefundisha habari za taa za kichwani. Katika pumzi moja alisema "light" mara tatu: ya kwanza ni taa yenyewe, ya pili ni kuiwasha, ya tatu ni kwamba si nzito. Mkono wake uligusa taa, ukabonyeza kitufe, ukapimapima uzito hewani. Nilifasiri bila kusita, maana mkono ulisema yote. Mchimbaji mmoja aliporudisha, alirudisha vizuri kuliko nilivyosema mimi, na mtaalamu akacheka akamshika bega. Siku hiyo nilitembea hadi kibandani kwangu nikiimba. Mnaofanya kazi hii mnajua furaha hiyo: watu wawili wasioweza hata kuamkiana wanacheka kitu kimoja, na kati yao umesimama wewe, na hakuna anayekuona.

Wala msiwacheke Waingereza. Alikuja mchimba visima mmoja kutoka Afrika Kusini, Hendrik, aliyekuwa akitafutia maji vijiji vya Mbalibali na Nyambureti. Kiingereza kwake pia kilikuwa lugha ya kujifunza, nyumbani kwao walisema lugha nyingine, na kwa sababu hiyo tulielewana upesi kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Alijitahidi kusoma Kiswahili. Jioni moja alinijia akiwa amekata tamaa. Aliniuliza kwa nini sisi tunapiga kila kitu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga hodi, tunapiga kelele. Alitaka kujua hizi nguo, milango na magoti vilikosa nini. Nilimwambia avumilie, kwamba kila lugha ina neno moja inalolifanyisha kazi za ukoo mzima.

Miaka hiyo yote mafunzo yalifanyika chini ya turubai, mbali na maduara, na kamba ya katani haikunisumbua. Ilikuja kunisumbua masika moja. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo hata njia zikawa vijito. Mwalimu Ochieng' alikuwa Musoma akitibiwa macho, na mimi nilibaki mkalimani peke yangu. Asubuhi, mvua ilipokata, ukuta mmoja wa duara la Nyamhanga uliporomoka. Ndani walikuwamo watu watatu: Marwa, mdogo wake Nyamhanga wa tumbo moja, na Wasukuma wawili waliokuwa wakifanya naye kazi.

Waliokuwa juu walitaka kufukua pale pale kwa koleo. Wazee wa kazi waliwazuia, kwa sababu kila koleo moja iliyotoka iliteremsha mbili. Mtu aliyelaza sikio chini alisikia mlio wa kugonga, tok, tok, kutoka ndani ya mwamba. Walikuwa hai. Mwendesha pikipiki mmoja alitumwa Mbalibali kumwita Hendrik, maana ndiye pekee wa karibu aliyekuwa na pampu kubwa, minyororo na magogo yaliyochongwa.

Alifika na lori lake likiwa limepakwa tope hadi paani. Hakusalimia mtu. Aliweka bomba la chuma juu ya ardhi, akalitegea sikio, akasogea, akategea tena. Kando ya duara lililoanguka kulikuwa na duara la zamani lililoachwa, nalo lilikuwa zima. Mpango wake ulikuwa kuteremka kwa duara hilo la zamani, kuchimba dirisha dogo kuelekea mlio ule, na kushikilia kila hatua kwa magogo kabla ya kwenda hatua inayofuata. Kosa moja la kamba au la gogo, na ukuta uliobaki ungewafunika wa ndani na wa nje pamoja. Wale waliokuwa tayari kuteremka walikuwa wachimbaji wa Nyamhanga, na hakuna hata mmoja aliyejua Kiingereza.

Kazi yangu ilikuwa wazi. Nilikwenda, na kamba ikanisimamisha.

Walikuwa wameizungushia maduara yote mawili. Nyamhanga mwenyewe alinionyesha mahali: nisimame pale, nyuma ya kigingi, na kijana mmoja mwenye sauti kubwa angesimama katikati kunipokeza maneno ya mzungu na kupeleka yangu. Nilijaribu. Mbele yangu walijazana wanaume migongo kwa migongo. Pampu ilinguruma. Hendrik alisema kitu nisichokiona, na kijana akanirushia neno moja lililovuliwa nguo zote: "Hold." Kisha jingine: "Set." Kisha: "Clear."

Nilisimama pale na kabati langu la maana likiwa limejaa. "Hold" gani? Shika, ngoja, zuia, au beba? "Clear" ni ondoa kile kifusi, ondokeni ninyi, au njia ni nyeupe, nendeni? Nilizijua zote. Sikujua mkono ulikuwa wapi. Na kule chini, mtu angefanya kile ambacho mimi ningekisema, kwa sababu alikuwa na adabu, na angesema ndiyo.

Kwa hiyo nilinyamaza.

Kijana alirudia. Sikujibu. Migongo ikaanza kugeuka kuwa nyuso. Mke wa Marwa alikuwa ameketi chini karibu na miguu yangu, mtoto mgongoni, akiwa ameishika kamba ile kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa kudondoka. Aliinua uso.

"Mama Robi, sema tu," aliniambia. "Sema chochote."

Nilichuchumaa nikamwambia kwamba chochote ndicho kingemuua mumewe. Nilimwambia kwa Kikurya, taratibu, na ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kulisema kwa lugha yoyote. Kisha nikasimama, nikamwita Nyamhanga kwa sauti ambayo wote waliisikia. Nilimwambia kwamba sipeleki chini neno ambalo sijauona mkono wake. Nisimame kando ya mzungu, au wamtafute mkalimani mwingine.

Alikuja mbio, tope hadi kifuani. Sijamwona mtu aliyegawanyika kama yeye siku ile. Nyuma yake walikuwa watu waliomfuata kwa sababu duara lake lilitoa, na wote waliamini, naye aliamini, kwamba hatua zangu zingeimaliza riziki ya kila aliyekula hapo.

"Mama," alisema, "ukikanyaga mdomo huu, duara limekufa."

"Duara limekufa tangu asubuhi, Nyamhanga. Walio hai ni watu."

Kutoka chini, kwa sababu pampu ilikuwa imekata kwa muda, tulisikia ule mlio tena, tok, tok, safari hii ukiwa umepungua nguvu. Nyamhanga alimtazama shemeji yake na mikono yake kwenye kamba. Alinitazama mimi kuanzia juu hadi chini, akaishia miguuni.

"Kwa ndala hizo utateleza," alisema.

Akaketi kwenye tope, akavua mabuti yake, akanisukumia. Nilivaa. Yalikuwa makubwa, ya moto, yenye mchanga ndani. Mzee mmoja alitema mate pembeni, na mwingine akaondoka kabisa asije akashuhudia. Niliinua mguu, nikavuka kamba.

Sasa nitawaeleza jinsi kazi yetu inavyokuwa inapokuwa nzima, maana siku nyingi huwa nusu. Nilisimama ubavuni mwa Hendrik. Aligeuka akaniona, hakushangaa, alisogea tu nipate nafasi, kama fundi anayempisha mwenzake kwenye benchi. Akasema "hold", na mkono wake ulikuwa wazi, umelala, umetulia hewani: ngoja, kila kitu kibaki kilivyo. Akasema "set", na mkono ukasimika gogo lisiloonekana. Akasema "clear", na vidole vikafagia: toeni kifusi cha mbele tu. Milango yote tisa ilijifunga yenyewe, ukabaki mmoja wazi, nami nikapita.

Aliyeteremka kuwa wa mbele kabisa, karibu na ukuta, alikuwa Nyamhanga, miguu mitupu. Nilimpelekea agizo la kwanza kwa Kikurya. Kutoka chini akajibu, "Ndiyo."

"Hapana," nilimwambia. "Mweleze mgeni utakavyofanya, asije akadhani tumempuuza."

Nyuma yangu watu walinung'unika. Mmoja alisema kwamba huyu mama amefungua shule watu wakifa. Msukuma mmoja kwenye winchi, ambaye ndugu zake wawili wa kijiji kimoja walikuwa chini, alimjibu bila kugeuza kichwa: basi tusome, si hakuna ada. Na kutoka ndani ya ardhi ikapanda sauti ya Nyamhanga, nzito, ikirudisha.

"Nasimika gogo la kulia. La kushoto siligusi. Nikimaliza nangoja."

Nilimrudishia Hendrik. Akatikisa kichwa, ndivyo. Nikamwambia Nyamhanga, "Haya, fanya."

Tukaenda hivyo. Neno lilishuka, neno lilipanda, mkono ukakubali, gogo likasimama. Mwanzoni Hendrik aliuma midomo kila nilipongoja kurudishiwa. Kisha nikaona mabadiliko: akitoa agizo, mkono wake ulibaki juu hewani, yeye mwenyewe akisubiri ile sauti ya kutoka chini, na akiipata bega lake linashuka. Mara moja aliyerudisha alikosea upande, Hendrik akasema sivyo, tukaanza upya, na hakuna gogo lililokuwa limeguswa. Baada ya hapo sikuhitaji tena kuomba. Wa chini walirudisha wenyewe. Wa winchi walirudisha. Hata waliosimama bila kazi walianza kurudia kwa sauti ya chini, gogo la kulia, la kushoto siligusi, kama waumini wanaoitikia sala. Nimefasiri mahubiri mengi maishani mwangu. Sijawahi kusikia kanisa kama lile.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa ziwa wakati dirisha lilipotoboka. Sikuliona. Nilisikia Nyamhanga akisema jina la mdogo wake, akijibiwa, kisha akisema jina hilo tena bila sababu yoyote. Winchi ikalia. Wa kwanza kutoka alikuwa mmoja wa Wasukuma, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa chokaa. Wa pili mwenzake. Wa tatu alikuwa Marwa, na alipofika juu alitazama huku na huku, macho yakiuma kwa mwanga, hadi akanipata.

"Ni wewe," alisema.

Nilimuuliza mimi nani.

"Nilisikia sauti ya mwanamke mdomoni mwa duara. Nikawaambia wenzangu, jamani, tumeshakufa."

Alikuwa wa kwanza kucheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha wakacheka watu wa winchi, akacheka Nyamhanga aliyekuwa bado anapandishwa, asijue tunacheka nini. Nilimfasiria Hendrik, akacheka akiwa amejishika magoti. Vigelegele vilipasuka nyuma ya kamba, na mke wa Marwa hakungoja ruhusa ya mtu. Alipita. Wakamfuata watwanga mawe, wauza uji, wasichana wa maji, wote, na kamba ya katani ikakanyagwa ndani ya tope hata leo sijui iliishia wapi.

Nilimsimulia Mwalimu Ochieng' aliporudi kutoka Musoma. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani yake mipya, akaifuta ingawa haikuwa na kitu. "Mimi nilifuata macho Musoma," alisema, "kumbe yangu ya akiba nilikuwa nimeyaacha hapa." Hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo, wala sikuhitaji.

Lakini hamjui watu wa dhahabu kama mnadhani jambo liliishia kwenye vigelegele. Wakuu wa maduara waliitisha kikao katika ofisi yao ya mabati. Mzee yule aliyekuwa ametema mate alisema siku ya msiba haiwi sheria. Kamba ifungwe upya, na mwanamke arudi nyuma yake. Wengi walimwitikia. Wakamuuliza Nyamhanga atafanya nini dhahabu ikimhama, kwa kuwa ndiye aliyevua mabuti.

"Dhahabu ikihama nitaifuata," alisema. "Nimeifuata tangu utoto, najua kutembea. Marwa ningemfuata wapi?"

Ndipo wakakubaliana, si kwa furaha, kwamba mkalimani husimama pale anapouona mkono, awe mwanamume au mwanamke, na kwamba hakuna agizo linalotendwa kabla halijarudishwa. Duara lile lilijengwa upya kwa magogo, na dhahabu ikaja na kuondoka kama ilivyokuwa desturi yake. Wiki kavu walisema ni miguu ya Mama Robi. Wiki nzuri hawakunitaja kabisa. Nilizizoea zote mbili. Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki: miaka ikapita, machimbo yakahama bonde hadi bonde, wataalamu wakabadilika, na kila nilikokwenda nilikuta watu wakirudisha. Wengine hawakujua kulianzia wapi. Waliniambia ni desturi ya kale ya wachimbaji.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa wiki iliyopita. Kulikuwa na mafunzo katika chumba kipya cha mradi, chumba cha tofali chenye madirisha ya vioo, na nje karasha ilikuwa inasaga mawe. Nilikwenda kuaga. Ghati, ambaye wengi wenu mnamfahamu, alikuwa amesimama ubavuni mwa mgeni aliyekuwa akieleza habari za hewa chafu chini ya ardhi. Niliona jinsi alivyokuwa hamtazami mdomo. Mgeni alisema neno fupi, moja ya yale mafupi kabisa. Macho ya Ghati yakaenda mkononi, yakarudi, na Kikurya kikatoka safi kama maji ya kisima. Mchimbaji mmoja akasimama kurudisha.

Nilisahau kwamba nilikuwa mlangoni. Kelele za karasha zilikuwa zikiingia kwa kupitia mimi, na yule mchimbaji alilazimika kuanza tena. Akageuka.

"Shikamoo mama. Samahani, ama uingie ama utoke. Hatumsikii mkalimani."

Nilicheka, nikamwitikia marahaba, nikatoka. Ghati alikuja bila kuuacha mkono wa mgeni kwa macho, akafunga mlango nyuma yangu.